Taya Linapouma kwa Kufuata Mwezi

Mtu akiweka kidole mbele kidogo ya sikio, kisha akafungua mdomo na kuufumba, atahisi kitu kikicheza chini ya ngozi. Hicho ni kiungo cha taya. Kichwa cha mfupa wa taya la chini huzunguka na kuteleza chini ya fuvu, na kati ya mifupa hiyo miwili kuna kisahani laini kinachozuia isisagane.

Kiungo hiki kikiugua humpoteza mgonjwa njia. Maumivu husikika sikioni, akanunua dawa ya matone. Au hushukia kwenye magego, akaomba jino ling'olewe. Jino zima linatoka, maumivu yanabaki palepale. Wengine husikia taya likilia wanapopiga mwayo. Mlio mtupu, usio na maumivu wala kukwama, hauhitaji matibabu.

Wanaume nao huugua, ila kwa wanawake tatizo hukaribia kuwa maradufu. Kabla ya balehe wavulana na wasichana hawapishani sana. Wasichana wakishavunja ungo ndipo tofauti inapojitokeza, huendelea katika miaka ya kuzaa, kisha hupungua hedhi ikishakoma. Mwenendo huo ndio uliowafanya watafiti wazitupie jicho homoni za uzazi.

Mwaka 1997, Linda LeResche wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, pamoja na wenzake, walichunguza rekodi za matibabu. Wanawake waliokwisha kukoma hedhi na waliokuwa wakitumia dawa za estrojeni walielekea kupata maumivu ya taya kwa takriban asilimia 30 zaidi ya wasiozitumia. Kwa watumiaji wa vidonge vya uzazi wa mpango, ongezeko lilikuwa karibu asilimia 20. Ni ongezeko dogo, na si sababu ya mwanamke kuacha vidonge vyake bila kuzungumza na mhudumu wa afya.

Ingekuwa rahisi basi kusema estrojeni ndiyo mkosaji. Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 2003 timu hiyohiyo ilichapisha matokeo ya wanawake walioandika maumivu yao kila siku: yalipanda kuelekea mwisho wa mzunguko na kufika kileleni wakati wa hedhi, yaani siku ambazo estrojeni imeshuka. Kisha wakafuatilia wajawazito. Mimba ilipokua na estrojeni kuongezeka mno, taya lilitulia. Baada ya kujifungua maumivu yakarudi. Kwa hiyo kuyumba kwa homoni, hasa kushuka kwake kwa haraka, huenda kukawa na uzito kuliko wingi wake.

Maelezo mojawapo yako kwenye ubongo. Uchunguzi uliofanywa Michigan mwaka 2006 ulionyesha kwamba estrojeni ikiwa juu, mfumo wa mwili wa kujitulizia maumivu hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ikiwa chini. Testosteroni nayo, katika majaribio ya panya, ilipunguza maumivu ya kiungo hiki.

Hata hivyo homoni hazibebi lawama zote. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao OPPERA, ulioanza mwaka 2006, ulikuta wanawake na wanaume wakianza kuugua kwa viwango vinavyokaribiana. Usingizi mbovu, msongo wa mawazo na mazoea ya kukaza meno vina sehemu yao.

Kwa mgonjwa, faida ya kujua haya ni kalenda. Aandike kila siku, kwa miezi miwili au mitatu, taya limeuma kiasi gani na hedhi imeanza lini, kisha ampelekee daktari wa meno karatasi hiyo. Siku zinazojulikana kuwa mbaya ale uji, ndizi za kupikwa au wali laini. Miwa, mahindi ya kuchoma na jojo visubiri. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu shavuni husaidia. Asipokula, midomo ifumbwe lakini meno yasigusane. Mjamzito asimeze ibuprofeni bila ushauri wa daktari, hasa kuanzia wiki ya 20.

Wengi hupata nafuu kwa hatua hizo na mazoezi ya taya yanayosimamiwa na mtaalamu. Anayeharakishiwa upasuaji, au kusagwa meno ili "yakae sawa", ana haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine.

Taya likikwama, likivimba au likiambatana na homa, mgonjwa awahi kituo cha afya. Aliyevuka miaka 50, ambaye taya limeanza kumchosha anapotafuna huku kichwa kikiuma au macho yakififia, huenda ana ugonjwa wa mishipa ya damu unaoweza kupofusha. Na maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua, jasho jembamba au pumzi kukatika yanaweza kuwa ya moyo: huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo.