Maasi ya Mtu Mmoja Yanavyoifikia Jamii Nzima



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Wapenzi wanafunzi, mwaka huu swali moja limerudi mara nyingi darasani: ikiwa kila nafsi itabeba mzigo wake yenyewe, kama tunavyosoma katika Surat Al-An'am aya ya 164, vipi dhambi ya mtu mmoja imletee taabu jirani yake ambaye hakuifanya? Sisi walimu tulionelea swali hili lisijibiwe kwa haraka haraka barazani, bali tuliandikie somo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Hesabu ya Akhera ni ya mtu binafsi, wala hataulizwa Juma kwa alilolitenda Hamisi. Lakini athari ya maasi hapa duniani haijui mpaka wa kibanja. Surat Al-Anfal aya ya 25 inatuonya tujikinge na fitina ambayo haitawapata waliodhulumu peke yao. Na katika hadithi ya Nu'man bin Bashir (R.A.) iliyopokelewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipoona kila wakitaka maji wanawapitia wenzao, wakawaza kutoboa upande wao wenyewe. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakishikwa mikono, wote wanaokoka. Zingatieni kwamba watu wale hawakuwa na nia mbaya. Walitaka wasiwaudhi wa juu. Lakini maji hayaulizi nia.

Mfano wa pili ni wa Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625). Mtume (S.A.W.) aliwaweka warusha mishale 50 juu ya kilima, kiongozi wao Abdullah bin Jubayr (R.A.), akawaamuru wasishuke, liwalo na liwe. Walipoona adui anakimbia na ngawira imetapakaa, wengi wao walishuka. Khalid bin Walid, ambaye wakati ule alikuwa hajasilimu, akazunguka kwa nyuma na wapanda farasi wake. Waislamu wapatao 70 walikufa mashahidi siku ile, na Mtume mwenyewe alijeruhiwa usoni. Abdullah bin Jubayr hakushuka. Aliuawa pale pale alipoamriwa kukaa. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lenu. Pigo liliwafikia walioasi na waliotii pamoja, lakini mbele ya Allah (S.W.) hawako sawa.

Sasa tuje kwetu, maana Uhud ni mbali na kahawa iko mlangoni. Hapa Karagwe na Kyerwa hakuna asiyeijua butura. Mzee ana mgonjwa, au msiba, au mtoto anadaiwa ada, na mibuni ndiyo kwanza imetoa maua. Anamwendea mwenye fedha, anapewa kidogo, na mavuno yajayo yanakuwa si yake tena. Tuchukue hesabu ya darasani tu: amepokea shilingi 100,000, na msimu ukifika kahawa ile ile inauzwa shilingi 300,000. Serikali imeipiga marufuku butura, na mwaka 2018 iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, lakini biashara hii imehamia gizani.

Hukumu yake katika fiq'hi haina utata mkubwa. Mtume (S.A.W.) alikataza matunda yasiuzwe mpaka dalili ya kuiva ionekane, na Ibn Umar (R.A.) amepokea kwamba katazo hilo ni la muuzaji na mnunuzi wote wawili. Na iwapo fedha ile ni mkopo, kisha ikalipwa kwa magunia yenye thamani kubwa kuliko kilichokopwa, hiyo ni riba, na mwenye kusoma Surat Al-Baqara aya ya 278 na 279 ajue ni vita vya nani anavyovitafuta.

Tazameni sasa tundu linavyopanuka. Aliyekwisha kuuza maua hana hamu tena ya kupalilia wala kupogoa, kwa kuwa anamtumikia mwingine. Au anachuma usiku buni za kijani akaziuze pengine, na hapo dhuluma imezaa khiyana. Mnunuzi naye, akihofia kuibiwa, anachuma kabla ya wakati. Kahawa hiyo mbichi inaanikwa juu ya udongo na kufikishwa ghalani pamoja na maganda ya wengine. Ubora ukishuka, bei inashuka kwa shehena nzima. Yuko mjane aliyechuma nyekundu moja moja na kuanika juu ya mkeka. Naye analipwa bei ile ile. Hakutoboa jahazi, lakini maji yamemfika magotini.

Na hapa kwetu madrasa yamefika pia. Tumeona wanafunzi wakifunga sanduku katikati ya mwaka kwa sababu kahawa ya baba ilikwisha kuuzwa ikiwa maua. Tukiri jambo: tulinyamaza, wala si kwa kutojua hukumu. Baadhi ya wanaochangia ujenzi ni hao hao wanaonunua maua. Mmoja wao alipoleta mabati tulimwombea dua mbele ya watu wote, na baba wa mwanafunzi wetu, ambaye mavuno yake yalikuwa mikononi mwa mtu huyo, alikuwa ameketi safu ya nyuma akiitikia "Amin". Tulipaswa kumwendea tajiri yule kwa faragha na kumnasihi. Yule wa juu ya jahazi anayeona tundu likitobolewa akatazama pembeni, naye ana sehemu yake.

Lakini tahadhari. Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wetu wa Kagera ulipigwa na tetemeko. Watu walikufa, nyumba nyingi zikaanguka. Msiwe miongoni mwa wanaosema kuwa fulani kaangukiwa na ukuta kwa dhambi zake. Katika tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria (639), walikufa Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (R.A.), na ni nani katika sisi anayewafikia hao? Surat Ash-Shura aya ya 30 inafundisha kwamba misiba hutokana na yaliyochumwa na mikono. Aya hiyo kila mtu aisome akijielekezea mwenyewe, asimsomee jirani.

Utii nao unasambaa vivyo hivyo. Surat Al-A'raf aya ya 96 inaahidi baraka za mbingu na ardhi kwa watu wa miji wakiamini na kumcha Allah (S.W.). Na sheria haikumwacha mwenye shida bila mlango. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya wakati, akawaruhusu kwa sharti la kipimo maalumu, uzani maalumu na muda maalumu. Hiyo ndiyo salam: fedha zote hutolewa siku ya mapatano, kahawa hutajwa kwa kilo na ubora wake, wala haifungwi kwenye miti ya kibanja fulani. Mwaka huu wazazi kadhaa wameanza kuweka fungu dogo kila wauzapo, ili mwenye msiba akopeshwe bila nyongeza. Fungu bado ni dogo, lakini mzazi mmoja amekwisha kukopa humo na maua yake yamebaki mtini.

Zoezi kwa darasa la Fiq'hi: Mzee ana mibuni 200 yenye maua. Jirani wa kwanza anampa fedha leo ili achukue mavuno yote ya miti hiyo. Wa pili anamlipa leo bei kamili ya kilo 300 za maganda makavu, za ubora waliokubaliana, zifikishwe mwisho wa Agosti kutoka kibanja chochote. Wa tatu anamkopesha shilingi 100,000 alipe 130,000. Toeni hukumu ya kila mmoja pamoja na dalili yake, kisha muwataje watu wengine watatu kijijini watakaoguswa na kila biashara. Majibu yaandikwe, na kila mwanafunzi amsomee mzazi wake kabla ya kuyaleta.