Kula kwa Utulivu, na Kinywaji cha Mchaichai

Mara nyingi twala kama watu wanaofukuzwa. Mkono u katika sahani, na moyo u katika deni au ugomvi wa jana. Hata sisi wachungaji twafanya hivyo: mama wa nyumba amepika tangu asubuhi, nasi twamaliza tusijue tumekula nini. Walakini tumbo halina haraka. Hukawia kadiri ya dakika 20 kuupasha ubongo habari ya kuwa limeshiba. Basi alaye upesi huzidisha kabla hajajua.

Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 ina sala ya kabla ya kula, na nyingine ya baada yake. Hiyo ya pili ndiyo tunayoikimbia. Na tukae, tutafune, tusilete chakulani mashauri ya baraza.

Jioni na tutwae majani ya mchaichai, tuyakatekate, tuyatie katika maji yanayochemka, tufunike dakika 10. Hayana kafeini, ile iletayo kukesha, iliyomo katika majani ya chai. (Sukari kidogo tu!) Kikombe cha moto hakinyweki kwa haraka, chataka kungojewa, na katika kungoja huko walio nyumbani hupata nafasi ya kusema neno.