Tandatu, Mfungate, Kenda: Namba Zetu na Ufundishaji wa Hisabati

1. Utangulizi

Lugha haifi kwa siku moja. Hupokonywa nyanja moja baada ya nyingine, na uwanja wa kuhesabu huwa miongoni mwa zinazotangulia kutoweka. Makala haya yanachunguza namba za Kiswahili na za lugha jirani ili kuonyesha kinachopotea darasani.

2. Namba zilizoachwa

Kiswahili cha kale kilikuwa na tandatu (6), mfungate (7) na kenda (9). Kutokana na biashara na dini, nafasi zao zilitwaliwa na sita, saba na tisa kutoka Kiarabu. Mfungate imebaki katika fungate, yaani siku saba za maarusi. Sarufi nayo iliguswa: twasema vitabu vitatu na vitabu vinane, lakini vitabu sita, bila upatanisho. Gĩkũyũ, ambacho hakikukopa, bado husema andũ atandatũ.

3. Hisabati ndani ya neno

Katika Gĩkũyũ, tatu ni ithatũ na sita ni ithathatũ; nne ni inya na nane ni inyanya. Huu ni uradidi. Mtoto anayehesabu hivi husikia kwamba sita ni tatu mara mbili kabla hajaonyeshwa jedwali lolote. Tatu na tandatu zilibeba somo hilohilo. Tatu na sita hazilibebi.

4. Darasani

Ripoti ya Gachathi (1976) ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo. Hata hivyo, vitabu vya hisabati nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu huachiwa kutafsiri papo hapo. Wanaodai kuwa lugha zetu haziwezi hisabati na waitazame Tanzania: tangu 1967 shule za msingi za umma zimeifundisha kwa Kiswahili, na pembetatu, mstatili na kipenyo ni maneno ya kawaida. Lugha hupata istilahi inapopewa kazi.

5. Hitimisho

Hatusemi sita ifutwe. Kukopa si dhambi. Tunachopinga ni kusahau. Mwanafunzi wa Kiswahili aendapo likizoni amwombe nyanya yake ahesabu hadi mia kwa lugha ya nyumbani, kisha awaombe wadogo zake wafanye vivyo hivyo. Aandike namba ambapo kila mmoja anahamia Kiswahili au Kiingereza. Pengo kati ya namba hizo ndicho kipimo cha hasara, na ndipo kazi ya kurejesha inapoanzia.