Ndaye Mulamba na Mabao Tisa

1. Mpira wa majani ya migomba

Watoto, baada ya masomo piteni Kadutu, mtasikia kelele za wavulana. Wamekusanya majani makavu ya migomba, wameyazungushia matambara, wamefunga kamba kwa nguvu. Huo ndio mpira wao. Mawe mawili upande huu na mawe mawili upande ule, ndiyo milango. Ardhi ni ya mteremko, kama mahali pengi katika Bukavu. Kwa hiyo mpira ukipita mlango wa chini, mmoja hana budi kuufuata mbio kabla haujaenda mbali.

Wakicheza, kila mmoja hujipa jina la mtu mkubwa. «Mimi ni Mbemba!» «Mimi ni Wissa!» Lakini sijasikia hata mmoja akisema: «Mimi ni Ndaye.»

Hilo ni jambo la ajabu. Maana katika historia yote ya Kombe la Afrika hakuna mchezaji aliyeingiza mabao mengi katika kombe moja kama Ndaye Mulamba. Naye alikuwa mtu wa nchi yetu ya Kongo. Leo tutasoma habari zake. Habari hizo zina furaha na huzuni pia, nasi tutazisoma zote mbili.

2. Kijana wa Kasai

Ndaye Mulamba alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 katika mji wa Luluabourg, ambao leo waitwa Kananga. Mji huo uko mbali na Bukavu, upande wa magharibi, katika nchi ya Kasai. Huko ndiko alikoanza kucheza, kwanza na timu za mji wake.

Mwaka 1972 aliingia katika timu ya Vita Club ya Kinshasa. Mwaka uliofuata, timu hiyo ilifika mchezo wa mwisho wa Kombe la Mabingwa wa Afrika, juu ya Asante Kotoko wa Ghana. Michezo ilikuwa miwili. Katika mji wa Kumasi, Vita walishindwa mabao 4 kwa 2. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini mchezo wa pili ulichezwa Kinshasa, na Vita wakashinda mabao 3 kwa 0. Jumlisheni wenyewe: 2 na 3 ni 5, Kotoko wana 4. Hivyo Vita wakachukua kombe.

Siku hizi kijana hodari kama Ndaye angeitwa Ulaya mara moja, akalipwa mshahara mkubwa. Lakini wakati ule serikali ya nchi, iliyoitwa Zaire, haikuwaruhusu wachezaji wake kwenda kucheza ng'ambo. Basi Ndaye alibaki na Vita Club mpaka mwaka 1988. Alipata sifa nyingi, lakini hakupata mali ya kumtunza uzeeni.

3. Siku za Kairo

Mwezi wa Machi 1974, Kombe la Afrika lilichezwa katika nchi ya Misri. Timu ya Zaire iliitwa Chui. Mwalimu wao alikuwa Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia.

Mchezo wa kwanza, Chui waliwashinda Gine mabao 2 kwa 1. Ndaye aliingiza yote mawili. Mchezo wa pili, walishindwa na jirani zetu wa ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville, mabao 2 kwa 1. Mchezo wa tatu, waliwashinda Morisi 4 kwa 1, na Ndaye akaingiza bao moja.

Kisha wakakutana na Misri wenyewe, mbele ya watu wao. Misri wakaongoza mabao 2 kwa 0. Uwanja mzima ukapiga kelele za furaha. Lakini Chui hawakukata tamaa. Ndaye akaingiza bao moja, kapiteni Kidumu akaingiza la pili, na Ndaye tena akaingiza la tatu. Chui wakashinda 3 kwa 2.

Mchezo wa mwisho ulikuwa juu ya Zambia, tarehe 12 Machi, mjini Kairo. Zambia walianza kufunga, Ndaye akasawazisha. Muda ukaisha, ukaongezwa muda mwingine. Zikibaki dakika 3 tu, Ndaye akaingiza bao la pili. Je, mchezo umekwisha? La! Katika dakika ya mwisho kabisa Zambia wakasawazisha. Siku hizo hawakupiga penalti ili kumpata mshindi, bali walirudia mchezo. Basi tarehe 14 Machi wakaingia tena uwanjani. Chui wakashinda 2 kwa 0, na mabao yote mawili yalikuwa ya Ndaye.

Sasa hesabuni: Gine 2, Morisi 1, Misri 2, Zambia 2, na Zambia tena 2. Jumla ni 9. Tangu siku ile hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika. Mwaka 2022 Vincent Aboubakar wa Kameruni alikaribia sana: aliingiza 8.

Chui waliporudi nyumbani, watu walijaa njiani kuwashangilia. Ndaye alipewa nishani ya taifa, Nishani ya Chui. Kila mtu alimjua, na kila mtoto alitaka kuwa kama yeye.

4. Kosa la mwingine

Miezi mitatu baadaye, Chui walikwenda Ujerumani ya Magharibi kucheza Kombe la Dunia. Walikuwa timu ya kwanza ya Afrika ya kusini ya Sahara kufika huko. Mchezo wa kwanza walishindwa na Uskoti mabao 2 kwa 0. Haikuwa aibu.

Lakini kabla ya mchezo wa pili, wachezaji walipata habari kwamba falanga walizoahidiwa hazitawafikia. Wakataka kukataa kucheza. Mwisho wakakubali, ila waliingia uwanjani na mioyo mizito. Siku hiyo ilikuwa tarehe 18 Juni, katika mji wa Gelsenkirchen, na adui walikuwa Yugoslavia.

Mabao yakaingia upesi upesi. Kabla ya nusu saa, Yugoslavia walikuwa wamekwisha kufunga manne. Baada ya bao la nne, wachezaji wa Zaire wakamzunguka mwamuzi wakilalamika. Katika msukumano ule, mmoja wao akampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi akageuka kwa hasira, akanyosha kadi nyekundu. Akamtoa nani? Akamtoa Ndaye.

Lakini Ndaye hakupiga teke. Aliyepiga alikuwa mwenzake, Mwepu Ilunga. Mwepu alivaa namba 2 mgongoni, Ndaye alivaa namba 13. Namba hizo hazifanani hata kidogo. Lakini mwamuzi hakutazama vema, na neno lake halikurudishwa. Ndaye akatoka uwanjani, akawaacha wenzake kumi. Wakafungwa mabao 9 kwa 0. Katika mchezo wa mwisho juu ya Brazili, uliokwisha 3 kwa 0, Ndaye hakucheza, kwa sababu ya adhabu ile.

Tazameni, watoto. Mabao 9 yalimletea Ndaye sifa Afrika nzima. Mabao 9 mengine yaliletea timu yake kicheko cha dunia. Kati ya ya kwanza na ya pili ilipita miezi mitatu tu. Wale walioshangilia mwezi wa Machi, wengi wao walinyamaza mwezi wa Julai.

5. Aliyeliwa matanga angali hai

Miaka 20 ikapita. Mwaka 1994 Kombe la Afrika lilichezwa Tunisia. Wakubwa wa mpira wa Afrika wakamkumbuka Ndaye, wakamwalika, wakamheshimu mbele ya watu wote. Akafurahi, akarudi nyumbani.

Lakini wanyang'anyi walisikia habari hiyo. Wakafikiri: «Mtu mkubwa namna hii, hakosi mali nyingi.» Wakamshambulia kwa bunduki. Walimpiga risasi mguuni, na mtoto wake wa kiume akauawa. Mali waliyoitafuta haikuwako, maana Ndaye alikuwa amerudi na heshima tu.

Alipopata nafuu aliikimbia nchi, akafika Afrika ya Kusini kama wakimbizi wengine. Ninyi watoto wa Kivu mwajua maana ya neno hilo, wala sina haja ya kulieleza. Alikaa Cape Town, katika mtaa wa watu maskini. Mguu wake ulikuwa na jeraha, kazi hakuwa nayo. Baadaye akapata kazi ya kulinda magari ya watu mahali yanapoegeshwa. Mwenye gari alimpa sarafu kidogo, akaenda zake. Hakujua kwamba mlinzi huyo ndiye aliyewafunga Misri kwao.

Mwaka 1998 Kombe la Afrika lilichezwa Burkina Faso. Hapo likatokea jambo la kushangaza. Habari ilikuwa imeenea kwamba Ndaye Mulamba amekufa katika mgodi wa almasi huko Angola. Basi uwanjani watu wote wakasimama kimya dakika moja kwa heshima ya marehemu. Lakini marehemu alikuwa hai! Alikuwa Afrika ya Kusini, akitafuta chakula cha siku ile. Walimpa dakika ya kimya, kumbe hakuna aliyekuwa amemtafuta ili ajue kama ni kweli. Wahenga walisema: «Asiyekuwapo na lake halipo.»

Hata hivyo Ndaye hakuuacha mpira. Aliwafundisha vijana wa mtaani huko Cape Town. Mwaka 2010 ilitokea filamu juu ya maisha yake, na wengine wakaanza kulikumbuka jina lake. Katika miaka ya mwisho miguu ile iliyokimbia Kairo ilikosa nguvu, akatumia kiti cha magurudumu. Alikufa Johannesburg tarehe 26 Januari 2019. Alikuwa na miaka 70.

6. Tujifunze nini?

Wako watu watakaosema: «Habari hii yatufundisha tusicheze mpira.» Sivyo. Mpira ni mchezo mzuri, na Ndaye aliupenda mpaka mwisho. Tena miaka ya sasa wachezaji wa Kongo huenda Ulaya na kulipwa vema. Lakini hata leo mguu ukivunjika, mchezo umekwisha. Kwa hiyo mwenye kipawa cha mpira asiache kusoma wala kujifunza kazi ya mikono. Sifa hazijazi tumbo.

Lakini liko fundisho jingine kubwa zaidi, nalo halimhusu mchezaji. Latuhusu sisi tunaotazama.

Mara mbili Ndaye alidhaniwa kuwa asiyekuwa. Ujerumani walimdhania mkosaji, naye hakukosa. Burkina Faso walimdhania mfu, naye alikuwa hai. Mara zote mbili sababu ni moja: watu hawakumtazama mtu mwenyewe. Nasi hufanya vivyo hivyo. Kelele ikitokea darasani, twaonyesha kidole yule aliyezoea kuadhibiwa, kumbe leo si yeye. Na mzee akipita njiani na nguo zilizochakaa, twamcheka, wala hatuulizi alifanya nini alipokuwa na nguvu.

Hapa Bukavu, miaka mingi watu wamejaa katika uwanja wa Concorde kutazama Muungano na Bukavu Dawa. Wamewabeba wachezaji mabegani, wakaimba majina yao. Wachezaji wale wa zamani wako wapi leo? Huenda mmoja ni jirani yako. Huenda ndiye anayepanda mteremko polepole na fimbo yake. Msalimu, mwulize habari. Heshima ya kweli hupewa mtu angali anasikia.

Maana ya maneno

Kusawazisha: kuingiza bao hata pande mbili ziwe sawa.
Mwamuzi: mtu anayeongoza mchezo na kukata maneno uwanjani.
Nishani: alama ya heshima ambayo serikali humpa mtu aliyefanya jambo kubwa.
Msukumano: watu wengi kusukumana mahali pamoja.
Kula matanga: kukaa kilio kwa ajili ya mtu aliyekufa.
Mgodi: mahali panapochimbwa madini, kama dhahabu au almasi.
Kipawa: akili au nguvu ambayo mtu amezaliwa nayo.

Maswali

1. Ndaye Mulamba alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Vita Club walishindwaje Kumasi, na kwa nini hata hivyo walipata kombe?
3. Andika mabao ya Ndaye katika Kombe la Afrika la 1974, mchezo kwa mchezo, kisha jumlisha.
4. Kwa nini mchezo juu ya Zambia ulirudiwa?
5. Mwamuzi alikosa nini huko Gelsenkirchen? Angewezaje kujua ukweli?
6. Wanyang'anyi walidhani nini juu ya Ndaye? Je, walidhani sawa?
7. Eleza maana ya methali hii kwa habari za Ndaye: «Asiyekuwapo na lake halipo.»

Kazi ya nyumbani: Mwulize babu yako au mzee wa jirani, ni nani aliyekuwa mchezaji hodari katika Bukavu alipokuwa kijana. Andika mistari sita juu ya mtu huyo, na mahali alipo sasa. Kama yu hai, msomee ulichoandika.