Dondoo muhimu: Kuhamishia okidi kwenye chungu kipya

Usipande okidi kwenye udongo wa bustani. Okidi nyingi za majumbani, kama Phalaenopsis, kwa asili huishi juu ya miti, na mizizi yake huhitaji hewa sawa na maji. Udongo huikaba ikaoza.

Badilisha chungu maua yakishapukutika, kila baada ya miaka 1 hadi 2, au mapema zaidi ukiona magome iliyopandwa ndani yake yameanza kulainika na kunuka. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe wa kijivu, na hugeuka kijani ukilowa. Ule wa kahawia unaobonyea ukate kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti.

Kwa kupandia, magome ya msonobari ni mazuri, lakini wewe uliyeko Pwani, makumbi ya nazi unayo hapo hapo. Yakate vipande vya sentimita 2 hivi, yaloweke siku kadhaa huku ukibadilisha maji ili chumvi itoke, kisha uchanganye na vipande vya mkaa wa kawaida. Makumbi yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya usumba yaache kabisa.

Chungu kiwe na matundu mengi, kiienee mizizi tu. Ukishapanda, subiri siku chache kabla ya kumwagilia, mikato ya mizizi ikauke kwanza.