Jiwe la Risasi na Mafuta ya Petroli: Je, Hukaa Pamoja?

Ndugu wanakikundi, leo tunajifunza swali moja: madini ya risasi yakionekana kijijini, je, ni dalili kuwa chini kuna petroli? Mtu akija na maneno hayo, kikundi kisichojua kinaweza kupoteza shamba au akiba yake.

1. Mafuta hutokea wapi?
Zamani sana mito ilileta tope na mchanga mahali palipodidimia. Tabaka likalala juu ya tabaka hata unene ukafika kilomita kadhaa. Mabaki ya viumbe vidogo na mimea yakazikwa humo. Ukishuka kilomita moja, joto huongezeka kama digrii 25 hadi 30. Likifika kati ya digrii 60 na 120 hivi, mabaki yale hutoa mafuta, jinsi tui la nazi likichemka sana linavyotoa mafuta. Joto likizidi hapo, hutoka gesi.

2. Na risasi je?
Ndani ya mawe hayo hayo mna maji ya chumvi, mara nyingi makali kuliko ya bahari. Yakiwa moto, huokota risasi na zinki kidogo kidogo katika mawe yanamopita. Kisha husukumwa, yakapanda kwa nyufa, njia zile zile zinazopitwa na mafuta. Yakikutana na gesi ya salfa, ile inayonuka kama yai bovu, risasi hushikana na salfa ikawa jiwe zito linalong'aa. Mara nyingi mafuta na gesi ya ardhini husaidia kutengeneza salfa hiyo.

Ushahidi upo. Kule Mississippi, Marekani, baadhi ya visima vya mafuta hutoa maji ya chumvi yenye risasi na zinki. Katika migodi mingine ya risasi, vitone vya mafuta vimeonekana ndani ya mawe yenyewe.

3. Basi ni dalili ya petroli?
Hapana, si lazima. Ni ndugu wa tumbo moja, lakini kila mmoja ana nyumba yake. Mafuta yanahitaji tabaka lisilopenyeka la kuyafunika. Pasipo hilo huvuja yakapotea, na risasi ikabaki. Kaunti ya Kilifi, risasi inajulikana miaka mingi huko Kinangoni na Vitengeni. Lakini mwaka 2012 kisima cha Mbawa, baharini, kilipata gesi isiyotosha biashara. Kule Turkana, kisima cha Ngamia 1 kilipata mafuta mwaka huo huo, baada ya wataalamu kupima matabaka kwa mitetemo, wala si kwa kufuata mawe ya risasi. Na dhahabu ya Migori na Kakamega? Hiyo iko katika miamba ya kale ya aina nyingine kabisa.

4. Tufanye nini?
- Tusitwange wala kuyeyusha mawe ya risasi nyumbani. Mwaka 2010, jimbo la Zamfara huko Nigeria, mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa vijijini, na watoto kama 400 wakafa kwa sumu.
- Tusiuze shamba wala kutoa michango kwa ahadi ya petroli. Kisheria, mafuta na madini yaliyo chini ya shamba hayamilikiwi na mwenye shamba. Serikali huyashika kwa niaba ya wananchi.
- Tujue haki yetu. Sheria ya Madini ya 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii ya pale yanapochimbwa. Sheria ya Petroli ya 2019 inatenga asilimia 5 ya mgao wa serikali.
- Mgeni yeyote aonyeshe leseni yake mbele ya mkutano wa kijiji.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini risasi inaweza kubaki mahali ambapo mafuta yamekwisha kupotea?
2. Watoto wetu huchezea mawe ya aina gani?
3. Mtu akileta karatasi za kutia sahihi, nani katika kikundi atazisoma kwanza?