Somo la Afya: Maumivu ya Mgongo Yanayoshuka Mguuni – Tusikimbilie Kisu, Wala Tusichelewe



Katika ziara zetu huku Singida tumekutana mara nyingi na ombi linalofanana: msharika anaumwa mgongo, maumivu yanashuka mguuni, na kamati inaitisha changizo ili apelekwe Dar es Salaam, karibu kilometa 700, akapasuliwe. Usharika mmoja uliuza hata alizeti ya shamba la kanisa. Kabla ya safari mama yule alianza kupata nafuu, na baada ya miezi miwili alikuwa shambani. Kwingineko, mzee aliyeshindwa kukojoa alikaa nyumbani wiki nzima akichuliwa mgongo. Alifika hospitali amechelewa, na hadi leo anatembelea magongo. Somo hili linahusu tofauti kati ya wagonjwa hawa wawili.

Ni nini kinachotokea?

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, mfano wa mito midogo. Kila diski ina ganda gumu nje na ute mzito ndani. Ganda likichanika, kwa sababu ya umri au mizigo mizito, ute hujitokeza na kubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Ndiyo maana tatizo liko kiunoni, lakini mguu ndio unaowaka moto kutoka kalioni hadi chini ya goti.

Njia za matibabu

1. Muda na kutembea. Wagonjwa wengi hupata nafuu kati ya wiki 6 na 12 bila upasuaji, kwa kuwa mara nyingi mwili wenyewe hukinyonya kipande kilichotoka. Kulala siku moja au mbili si vibaya. Zaidi ya hapo misuli hulegea na kupona huchelewa. Mgonjwa atembee kidogo kidogo na aendelee na kazi nyepesi.

2. Dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni husaidia kwa muda mfupi, lakini zikitumiwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Zisinunuliwe dukani mwezi hadi mwezi bila kumwona mganga.

3. Fiziotherapia. Mtaalamu humfundisha mgonjwa mazoezi ya kuimarisha kiuno na namna ya kuinama na kunyanyua. Mazoezi hayo hufanyika nyumbani, juu ya mkeka.

4. Sindano za mgongoni. Hutolewa na madaktari bingwa kwa baadhi ya wagonjwa. Nafuu yake kwa kawaida ni ya muda.

5. Upasuaji. Daktari huondoa kipande kinachobana mshipa. Huduma hii iko katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu. Waliopangiwa upasuaji wa mapema walipona haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Hata hivyo, asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri walihitaji kupasuliwa baadaye. Hivyo basi, kusubiri si kumtelekeza mgonjwa, na upasuaji una mahali pake maumivu yanapokataa kuisha.

Jambo la kukumbuka: eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, haionyeshi diski. Kipimo cha MRI huionyesha, lakini ni ghali, na hata watu wasio na maumivu huweza kukutwa na diski iliyojitokeza. Tusikichangie kabla daktari hajakiagiza.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akiwa na mojawapo ya haya:

- kushindwa kukojoa, au haja kumtoka bila kujua;
- ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani;
- mguu kuishiwa nguvu au unyayo kuburuza;
- maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali.

Mgonjwa mwenye dalili hizi asichuliwe wala kukanyagwa mgongo. Hapa kila saa ina thamani.

Aidha, maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kukonda na jasho la usiku huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Asikawie kupimwa, hasa kama amewahi kufanya kazi machimboni. Ugonjwa huu unatibika, na dawa zake hutolewa bure nchini mwetu.

Kamati ifanye nini?

Tunashauri fedha ya changizo isitumike kwanza kwa safari ndefu. Sehemu iwekwe akiba kwa ajili ya usafiri wa dharura, hata usiku. Sehemu nyingine imsaidie mgonjwa kumfikia mtaalamu wa fiziotherapia, na imlipie kibarua wa kumlimia wakati anapona.

Kwa marafiki wafadhili: ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na akina mama wetu huibeba kila siku. Kisima kinapokuwa karibu, mgongo nao unapumzika.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wetu, nani anaumwa mgongo na hajaonana na mganga?
2. Dalili ya hatari ikitokea usiku, tutampigia nani, na gari litatoka wapi?
3. Nani atambebea maji mgonjwa kwa wiki 6?